Sura ya 5: Chai Bila Kifuko

Chukua kifuko kimoja cha chai, kile cha karatasi chenye uzi na kilebo, ukipasue juu ya sahani nyeupe. Kitakachomwagika ni chembe za kahawia, ndogo kiasi cha kunasa kwenye ncha ya kidole. Pembeni yake mwaga kijiko cha majani ya paketi, yale ya robo kilo yanayouzwa kila duka la mtaa. Hayo nayo ni chembe, ila mara nyingi zimejaa kidogo na ni nyeusi zaidi. Ukibahatika kupata majani mazima, yaweke kuwa fungu la tatu: vijiti vyembamba vilivyosokotwa, virefu kwa vifupi, vingine vikiwa na ncha ya rangi ya dhahabu. Sasa tia kila fungu kwenye kikombe chake na umimine maji ya moto. Mafungu mawili ya kwanza yatakoleza maji kabla hujamaliza kuweka birika chini. La tatu litachelewa, kisha litaanza kujikunjua, na baada ya dakika chache utakuta kikombeni jani kabisa, lenye meno ya pembeni na kikonyo chake.

Nimeanza na mafungu matatu makusudi. Watu wanaohimiza kuacha vifuko huzungumza kana kwamba pande ni mbili tu, kifuko huku na majani kule. Mkazi wa London akisema amehamia kwenye majani, ana maana ya fungu la tatu. Mtu wa Tanga au Nakuru akisema majani, ana maana ya fungu la pili, ambalo bibi yake alilipikia chai miaka mingi kabla kifuko hakijatoka kwenye hoteli za wageni. Kwa hiyo kwetu sisi hatua ni mbili. Ya kwanza ni kuacha karatasi na kubaki na chembe. Hiyo naipendekeza kwa nyumba yoyote. Ya pili ni kuacha chembe na kwenda kwenye jani zima, na hiyo ni ya wanywaji wa chai ya rangi, au strungi, au mkandaa, kila mtu na jina la kwao. Anayekunywa chai ya maziwa asubuhi na jioni hana sababu ya kuihangaikia, na nitaeleza kwa nini.

Mafungu yote matatu hutoka kwenye mmea mmoja, Camellia sinensis, na huchumwa kwa namna moja: majani mawili na chipukizi lake. Takriban kilo 4.5 za majani mabichi ndizo hutoa kilo moja ya chai kavu. Kiwandani majani hutandazwa kwanza kwenye vitanda virefu vya wavu, feni zikipuliza hewa kwa chini, mpaka yanyauke na kulegea. Hapo njia hugawanyika. Kwa njia ya kale, ambayo wafanyabiashara wa chai huiita othodoksi, jani husokotwa taratibu ili litoe utomvu wake bila kusagika. Kwa njia ya CTC, yaani kuponda, kuchana na kukunja, jani hupitishwa katikati ya rola zenye meno zinazozunguka kwa kasi tofauti, likatoka upande wa pili limekuwa chembe. Mashine hiyo ilibuniwa na William McKercher huko Assam, India, mwaka 1930. Baada ya hapo majani huachwa yachachuke, hewa iyageuze kutoka kijani hadi rangi ya shaba, kisha hukaushwa kwa hewa ya moto mpaka unyevu ubaki karibu asilimia 3, ndipo yachekechwe.

Karibu chai yote ya Kenya ni CTC, na sehemu kubwa ya chai ya Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi vilevile. Chekecheo ndizo huipa daraja. Ukisoma orodha za mnada wa Mombasa, uliohamishiwa huko kutoka Nairobi mwaka 1969, utakuta herufi zilezile kila wiki: BP1 ni chembe kubwa, PF1 hufuata, halafu PD na D1 ambazo ni ndogo zaidi. PF1 ndiyo hasa hujazwa kwenye vifuko, kwa sababu ni ndogo ya kutosha kutoa rangi upesi, wala si ndogo kiasi cha kupenya kwenye karatasi.

Na hapa kuna uvumi wa kukatwa. Husemwa kwamba vifuko hujazwa takataka zilizofagiwa sakafuni kiwandani. Uvumi huo una asili yake. Kwenye chai ya othodoksi jani zima ndilo lengo. Linalovunjika na kuanguka chini ya chekecheo ni mabaki, na huuzwa kwa bei ya mabaki. Anayeijua chai ya namna hiyo peke yake akiona chembe ndogo hufikiri ameuziwa masalia. Kwenye CTC hakuna jani zima lililokusudiwa. Jani lilikatwa kwa makusudi, na PF1 safi ya Kericho au ya Gisovu kule Rwanda hugombewa mnadani na wanunuzi wanaojua wanachokitafuta. Hata neno vumbi, kwa Kiingereza dust, ambalo ndilo asili ya ile D ya D1, ni jina la daraja. Halina uhusiano na ufagio.

Basi kama chai iliyomo si mbaya, kifuko kina kosa gani?

Tuanze na ilivyotokea hata kikaja. Mwaka 1903 wanawake wawili wa Milwaukee, Marekani, Roberta Lawson na Mary McLaren, walipewa hataza ya kitambaa cha kushikia majani ndani ya kikombe. Kuna pia hadithi maarufu ya Thomas Sullivan, mfanyabiashara wa New York, ambaye miaka michache baadaye inasemekana aliwatumia wateja sampuli za chai ndani ya vijaruba vya hariri, nao wakavitumbukiza majini vilivyo. Ukweli wa hadithi hiyo siuwekei dhamana. Waingereza walisita. Kampuni ya Tetley iliwapelekea vifuko mwaka 1953, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 havikufika hata asilimia 3 ya soko lao. Kufikia mwaka 2007 vilikuwa asilimia 96. Mapinduzi hayo yalidai chai inayotoa rangi nzito kwa muda mfupi, na miaka ileile ndiyo Kenya ilipokuwa ikipanua mashamba ya wakulima wadogo chini ya KTDA, mamlaka ya kuendeleza chai, iliyoundwa mwaka 1964. Chembe za CTC na kifuko cha Mwingereza vikakutana, vikafaana. Kifuko, kwa maneno mengine, kilitengenezewa mtu mmoja, kikombe kimoja, maji yanayotokota na tone la maziwa baridi mwishoni.

Kwetu kiliingia kwa mlango wa heshima. Kilianzia hotelini, kikaenda ofisini, kikafika sebuleni siku za wageni, huku majani ya paketi yakibaki jikoni kama jambo la ndani ya familia. Matokeo yake unayajua ukiwahi kuhudhuria semina: chupa ya maji yaliyochemshwa alfajiri, kikombe, kifuko kwenye kisahani, na kopo la maziwa ya unga. Sijui chai mbaya kuliko hiyo Afrika Mashariki nzima, nayo hutolewa na watu wenye nia njema kabisa. Maji yamepoa. Maziwa hayajaiva pamoja na chai. Majani yamebanana kwenye karatasi, maji hayazunguki vizuri kati yake, na mnywaji anakiminya kifuko kwa kijiko ili kukilazimisha, akipata ukakasi badala ya utamu wa chai. Walio nyanda za juu wana tatizo la ziada, maana Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi joto kama 94 tu, si 100 kama Mombasa au Dar es Salaam. Kikombe cha maji kutoka kwenye chupa kikikufikia huko kimeshapungukiwa mara mbili. Sufuria iliyo juu ya moto haina shida hiyo, kwa kuwa joto lake haliachi kujazwa.

Halafu kuna suala la plastiki, ambalo linastahili kusemwa kwa kipimo. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, waliloweka vifuko vya plastiki, baada ya kutoa majani, kwenye maji ya nyuzi 95, wakaripoti kwamba kifuko kimoja kilitoa chembe ndogo za plastiki zipatazo bilioni 11.6, na nyingine ndogo zaidi bilioni 3.1. Wanasayansi wenzao waliibishia hesabu hiyo. Tena vilivyopimwa ni vile vifuko vinavyong'aa kama hariri, vya nailoni na jamii zake, si vya karatasi. Karatasi ya kawaida ya kifuko hutengenezwa kwa nyuzi za mbao na za abaka, mmea wa jamii ya migomba kutoka Ufilipino, ingawa nyingi huzibwa kingo kwa plastiki kidogo inayoyeyushwa na joto. Kwa hiyo anayekutisha kwamba kila kifuko ni sumu anakuza mambo. Lakini kama unaweza kuipata chai ileile bila plastiki yoyote, tena kwa bei nafuu, kubishana juu ya mabilioni kunabaki kazi ya maabara.

Bei ni rahisi kuipima mwenyewe. Kifuko cha kawaida kina gramu 2. Boksi la vifuko 25 lina gramu 50 za chai, na boksi la 100 lina gramu 200, pungufu ya ile robo kilo. Ukiwa dukani, gawa bei ya kila kimoja kwa gramu zake. Kinachoongezeka upande wa boksi ni karatasi, uzi, kilebo, bahasha na kazi ya mashine. Familia ya watu watano, kila mmoja akinywa vikombe viwili kwa siku, hufungua vifuko 3,650 kwa mwaka, ambavyo vyote pamoja vina chai kilo 7.3. Takataka zake haziozi kirahisi kama machicha ya chai, ambayo unaweza kuyamwaga kwenye shina la mgomba na habari ikaishia hapo. Usiyamwage kwenye sinki tu, utamwita fundi bomba.

Sasa twende jikoni. Chai ya maziwa ndiyo sababu kubwa ya mimi kumtetea mtu wa chembe mbele ya wapenzi wa majani mazima. Chai nyeusi ina tanini, ndizo zinazoleta ule ukakasi wa kukaza ulimi. Protini ya maziwa hushikamana nazo, ukakasi ukapungua, ladha ikawa laini. Chai isiyo na nguvu ikikutana na maziwa hubaki rangi na joto tu. CTC inazo nguvu za kuyakabili maziwa, tangawizi, iliki na sukari kwa pamoja, na bado ukaitambua kwamba ni chai. Jani zima la bei ghali, ukilichemsha na maziwa na mdalasini, manukato yake yote uliyoyalipia hufunikwa. Ni hasara tupu.

Namna ya kupika kila nyumba ina yake, na sitaki kugombana na mama wa mtu. Wapo wanaochanganya maji na maziwa tangu mwanzo, nusu kwa nusu, na wapo wanaotia maziwa baada ya majani kuiva. Mimi nafuata hao wa pili. Maji yenye tangawizi iliyopondwa na iliki yachemke kwanza mpaka harufu ijae jikoni, ndipo majani yaingie, kijiko kimoja cha chai kilichojaa kwa vikombe viwili hivi. Yaache yachemke dakika moja au mbili, rangi iwe nzito kuliko unavyotaka, kisha maziwa. Yakipanda, punguza moto, yaache yapande tena mara moja, epua. La muhimu zaidi linafuata, na ndilo watu wengi hulikosea: chuja papo hapo, chai yote, kabla ya kuitia kwenye chupa. Majani yakibaki ndani ya chupa ya chai yanaendelea kutoa tanini kwa masaa, na kikombe cha saa nne kinakuwa kichungu, lawama ikaenda kwa majani yasiyo na hatia.

Chujio nalo lichague. Yale ya plastiki yenye wavu mpana hupitisha chembe za D1 na PD, ukaishia kutafuna chai. Nunua la chuma lenye wavu wa karibu, pana kiasi cha kukaa juu ya chupa bila kushikiliwa. Paketi ikishafunguliwa, majani yahamishie kwenye kopo lisilopitisha mwanga, lenye mfuniko wa kubana. Majani yametoka kiwandani yakiwa makavu kupita kiasi, kwa hiyo hunyonya unyevu wowote yanaoupata, na Pwani unyevu haukosekani. Hunyonya harufu pia. Usiyaweke kabati moja na sabuni, na wala usiyaweke jirani na karafuu kama hukusudii kunywa chai ya karafuu.

Jani zima linahitaji subira ya namna nyingine. Halichemshwi. Chemsha maji, suuza buli kwa maji hayohayo ili lipate moto, tia majani, mimina maji, funika. Dakika tatu mpaka tano zinatosha kwa chai nyeusi. Kwa chai ya kijani maji yapoe kwanza mpaka nyuzi 75 au 80, la sivyo unaunguza na kupata ladha ya mboga iliyopitiliza. Jani zima ni jepesi, hivyo kijiko kilichojaa hubeba gramu chache kuliko kijiko cha chembe. Ongeza kidogo kwa macho, au tumia mizani ya jikoni kwa mara za mwanzo, gramu 2 kwa kikombe. Waonjaji wa chai wana kiwango chao cha kimataifa, ISO 3103, kinachotaka gramu 2 kwa kila mililita 100 za maji, kwa dakika sita kamili. Hicho ni kipimo cha kusaka kasoro za chai, si cha kuburudika. Ukikifuata nyumbani utakunja uso.

Jiepushe na vile vijidude vya chuma vya mviringo vinavyofungwa na kutumbukizwa kikombeni. Ni kifuko kilekile, safari hii cha bati. Jani linalotaka kujikunjua linataka nafasi, na buli la kawaida lenye chujio mdomoni linalipa nafasi yote. Kwa mtu wa ofisini, kikapu kirefu cha wavu kinachojaza kikombe mpaka karibu na kitako kinatosha. Tena majani hayo hayaishi kwa mmimino mmoja. Mimina maji mara ya pili, uyaache muda mrefu kidogo, utapata kikombe chepesi ambacho watu wengine hukipenda kuliko cha kwanza. Chembe za CTC haziwezi kufanya hivyo, kwa kuwa zimetoa karibu kila kitu mwanzoni.

Kuyapata ndiyo kazi. Chai nzuri ya namna hii inatengenezwa hapahapa kwetu: Luponde, katika nyanda za juu za Njombe, Tanzania; Kangaita, Kirinyaga nchini Kenya, kiwanda cha wakulima wadogo kilichoongeza mashine za othodoksi kando ya zile za CTC; na Sorwathe, kaskazini mwa Rwanda. Kituo cha utafiti wa chai cha Kericho nacho kilitoa mwaka 2011 aina ya mchai wenye majani ya zambarau, TRFK 306/1, ambao hunywewa bila maziwa. Sehemu kubwa ya mazao hayo huuzwa nje, kwa hiyo usishangae ukiikuta Hamburg kwa urahisi kuliko Mwanza. Katika miji mikubwa jaribu maduka ya vyakula vya asili, au maduka ya zawadi ya uwanja wa ndege, ambako bei itakuonyesha wanamngojea nani. Ukiipata, ikague kabla ya kulipa. Majani yawe yamesokotwa vizuri na yanalingana, yasiwe na vijiti vingi vyekundu, na yakivunjwa yatoe mlio mkavu. Yanayokunjika bila kuvunjika yameshaingia unyevu.

Kama boksi la vifuko bado liko kabatini, usilitupe. Vipasue, mwaga chembe kwenye sufuria, chemsha na tangawizi na maziwa. Ni PF1, itakufanyia kazi nzuri kuliko ilivyokuwa ikifanya ndani ya karatasi. Likiisha, nunua robo kilo ya majani ya kawaida na chujio la chuma. Majani mazima yasubiri mpaka ujue ni nani hapo nyumbani anayekunywa chai ya rangi bila kuomba maziwa, kisha mnunulie yeye, gramu 50 tu za kuanzia.